Daraja la Magogo Mawili

Bibi niliyekuwa nikimtunza Riyadh alikuwa na desturi moja ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Kila Ijumaa, kabla chakula cha mchana hakijapakuliwa, alikipanda kijiji chao. Hakuinuka kitini. Alikaa palepale sebuleni, ghorofa ya pili, mtaa wa Sulimaniyah, miguu imewekwa juu ya mto, kiyoyozi kikinguruma, akafumba macho na kuanzia chemchemini. Alivuka korongo, akapita mforsadi, ule mti ambao matunda yake huwaacha watoto na midomo myeusi, akapita nyumba ya mkunga, tanuri la wanawake, kinu cha kukamulia zeituni na uwanja wa kupuria ngano. Alikwenda nyumba kwa nyumba mpaka kwenye ngazi ya mawe iliyojengwa nje ya ukuta wa bibi yake. Hapo alifumbua macho, akasema "Bismillahi," nasi tukapakua.

Kijiji hicho hakipo. Mjukuu wake alinieleza wiki yangu ya kwanza, tukiwa jikoni tukichambua majani ya mlukhia. Walikimbia vita Palestina bibi akiwa na miaka tisa, wakidhani watarudi baada ya siku chache. Nyumba zikabomolewa nyuma yao. Siku hizi ni msitu wa misonobari uliopandwa kwa mistari, na aliyepita karibu aliwaambia kwamba kinachoonekana ni ua wa mipungate tu, kwa sababu mpungate ukiukata unachipua tena.

"Kwa hiyo anachokipanda kila Ijumaa ni nini?" nilimuuliza.

"Kijiji," alinijibu, kana kwamba nimeuliza jambo ambalo halina haja ya kuulizwa.

Desturi hiyo ilikuwa na sheria zake. Ijumaa nyingine kila mtu wa nyumba ile alipewa kipande chake cha njia, na mtu akiruka nyumba moja, hata kwa bahati mbaya, wote walirudi chemchemini kuanza upya. Chakula kingepoa, kipoe. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo nilisikitikia wali wangu. Bibi aliona uso wangu akanieleza bila ukali, "Ukiruka nyumba ya mtu, umemfukuza mara ya pili."

Mimi kwetu ni milimani Taita. Kabla ya kwenda Saudia nilifundisha chekechea kwa miaka kumi na moja, na nadhani ndiyo maana kazi ya kumtunza mzee haikunishinda. Mtoto mdogo na mzee sana wanahitaji kitu kilekile: mtu asiye na haraka. Nilimwita Hajja, kama kila mtu. Yeye aliniita *yamma*, maana yake mama. Kwao mzee humwita mtoto kwa neno lilelile ambalo mtoto angemwita yeye, kama sisi tunavyomwambia binti mdogo, "Njoo hapa, mama." Kwa hiyo mimi, mwanamke wa makamo, nilikuwa mtoto wake kila aliponiita hivyo, na nilipenda.

Kiarabu changu chote nilikipata kwake. Sikujua kwamba ni Kiarabu cha bibi wa kijijini mpaka siku niliyokwenda duka la dawa kumnunulia matone ya macho. Muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika kaunta. "Dada," aliniuliza, "wewe ni mtu wa kijiji gani?" Na mimi, bila kufikiri, nilikitaja kijiji cha Hajja. Aliacha kucheka. Akasema mama wa mkewe alitoka ng'ambo ya kilima kile, akanifungia matone yale kwenye mfuko kwa uangalifu kama anafunga zawadi.

Asubuhi tulikuwa wawili tu. Mwanawe na mkewe walikwenda kazini, mjukuu chuoni. Nilimpikia chai ya majani ya marimia, inayonukia kama dawa na shamba kwa pamoja, naye akishakunywa nusu kikombe alisema, "Haya, yamma, sasa nipandishe kwenu."

Nami nilimpandisha kwetu. Tulianzia kanisani, tukashuka njia ya migombani, tukafika mtoni. Pale mtoni palikuwa na daraja la magogo mawili yaliyofungwa kwa waya, na bibi yangu alikuwa akitangulia, mimi nyuma nimeshika ncha ya leso yake. Aliniambia, "Usitazame maji, tazama mgongo wangu." Hajja alilipenda daraja hilo kuliko kitu chochote cha kwetu.

"Magogo mawili? Si matatu?"

"Mawili, Hajja."

"Na bibi yako, alikuwa mnene?"

"Mnene sana."

"Maskini magogo!" Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Kesho yake aliniomba nirudie, na kesho kutwa. Nilirudia mara nyingi kiasi kwamba alianza kunitangulia: mimi nikifika migombani, yeye anasema, "Sasa tunashika nguo ya bibi."

Kusahau kulikuja polepole. Kwanza aliacha birika motoni. Halafu akaanza kumwita mwanawe kwa jina la kaka yake. Daktari alisema lile tulilokwisha kuliona wenyewe. Lakini kijiji kilibaki kizima. Mtu aliyesahau kama amekula aliweza kukwambia mlango wa mfuma mikeka ulipakwa rangi gani. Familia ikashikilia hilo kama watu wanavyoshikilia nguzo ya nyumba inayovuja.

Mwaka wangu wa tatu, Ijumaa moja, Hajja alianza kama kawaida. "Chemchemi." Akanyamaza. Tulisikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga jikoni. Kisha uso wake ukanyooka, akasema, "Tunavuka daraja. Magogo mawili. Nimeshika nguo ya bibi." Akaendelea mpaka mforsadi, mpaka juu, bila kukwama popote.

Nililisikia. Nilijua palepale ni daraja la nani. Lakini mwalimu wa chekechea amezoea jambo moja: mtoto akiwa anasoma vizuri, humkatizi kwa kosa dogo. Unamwacha afike mwisho, mnapiga makofi, kosa mtalirekebisha kesho. Niliwaza nitamwambia kesho, tukiwa wawili.

Kesho sikumwambia. Na Ijumaa iliyofuata, alipofika palepale baada ya chemchemi, alikwama kabisa. Macho yalikuwa yamefumbwa. Mwanawe alikuwa anatazama zulia. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, na nilifanya nilichofanya darasani kwa miaka kumi na moja mtoto anapokwama. Niliinama nikamnong'oneza, "Daraja, Hajja."

"Daraja!" alisema, akavuka.

Mjukuu wake alinishika mkono na kuubana kwa shukrani. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, nilimpa daraja.

Mjukuu huyo alikuwa anasomea uchoraji wa majengo. Alipoona bibi anapungua, aliamua kuchora ramani ya kijiji, nyumba zote na majina ya wenyewe, ili nakala zipelekwe kwa jamaa waliotawanyika. Wengine wako Amman, wengine mbali zaidi, na watoto wao hawajawahi kumsikia Hajja akipanda. Alileta karatasi pana kama shuka la kitanda, akaitandika sakafuni, akawa anachora huku simu ikirekodi sauti ya bibi.

Nilikuwa nimeingia na sinia la kahawa nilipoona amelichora daraja. Alikuwa amelichora vizuri, magogo mawili na waya, na juu yake watu wawili wadogo, mmoja mnene ametangulia, mmoja mdogo nyuma. Nilimtambua bibi yangu. Alikuwa amezikwa Taita, na sasa yuko Palestina, anakwenda chemchemini.

"Umependa?" mjukuu aliniuliza.

"Ni nzuri," nilisema. Nikaweka sinia chini, mbali na karatasi.

Jumamosi moja kwa mwezi nilipewa nusu siku, nami nilikwenda Shumaisi kununua unga wa mahindi na kukutana na mwenzangu mmoja, mwanamke wa Nakuru aliyekuwa mpishi katika nyumba nyingine. Nilimsimulia yote tukiwa tumesimama kando ya duka, mifuko miguuni.

"Wee!" alisema. "Yaani umewachorea daraja ya Taita huko kwao?"

"Sikuchora mimi."

"Lakini wewe ndiye fundi. Utaambia nini wakikuuliza? Ati kwa kibali ya ikama waandike, kazi: kujenga madaraja?" Alicheka peke yake, akaona mimi sicheki. "Sikiza, dada. Hiyo ni story ya wenyewe. Daraja moja itaua nani? Nyamaza. Kafili, huyo mwajiri wako, akijua umeharibu hiyo ramani, halas, ni wewe na tiketi yako."

"Na wale watoto watakaoiona?"

"Hao watoto watawahi kufika huko kuhesabu magogo?"

Nilirudi na unga wangu, nikanyamaza.

Ramani ilipokaribia kwisha, mjukuu alisema kabla ya kuipiga chapa lazima ipelekwe Jeddah. Huko aliishi kaka yake Hajja, aliyempita miaka mitatu. Ndugu hao wawili ndio pekee walio hai katika ukoo waliokikanyaga kijiji kile kwa miguu yao. Jamaa wote waliheshimu neno la mzee huyo: akisema ni kweli, ni kweli. Na daktari alikuwa ameshasema tusichelewe. Tukapanda ndege ya asubuhi, Hajja, mjukuu wake na mimi, ramani imekunjwa ndani ya bomba refu la plastiki ambalo Hajja hakukubali litoke mapajani mwake.

Kaka yake alikuwa ameuza vitambaa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, maisha yake yote. Duka lilikuwa chini ya nyumba moja ya zamani ya mawe ya matumbawe, roshani zake za mbao zimeegemea kichochoro. Mwanawe ndiye aliyeliendesha sasa, lakini mzee alikuja kila siku kukaa, na alitaka ramani isomwe hapohapo kwa sababu meza ya kukatia vitambaa ndiyo meza pekee iliyotosha. Mchukuzi mmoja alitusaidia kukipandisha kiti cha magurudumu cha Hajja kwenye ngazi ya mlango. Marobota yakasogezwa, ramani ikatandikwa, pembe zake zikakandamizwa kwa mikasi.

"Umezeeka," kaka alimwambia dada yake baada ya kumbusu kichwani.

"Na wewe ulizaliwa mzee," dada akajibu.

Mzee alichukua mita yake ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, akaanza kugusa nyumba moja moja kwa ncha yake, akianzia juu. Alipoitikia kwa kichwa, mjukuu aliweka alama. Mambo yalikwenda vizuri. Walipofika mforsadi ndipo waliposhikana.

"Huu uko kushoto," alisema mzee.

"Kulia," alisema Hajja.

"Kushoto! Aliyeanguka kutoka kwenye mti huu ni mimi, si wewe."

"Uliangukia kichwa. Ndiyo maana hukumbuki."

Mwanawe mwenye duka alicheka mpaka akasahau mteja mlangoni. Hata mimi nilisahau kwa dakika nzima kilichokuwa kinakuja. Kisha mita ikateremka kutoka kwenye mforsadi kuelekea chemchemi, ikasimama katikati.

"Hiki ni nini?"

"Daraja," alisema mjukuu.

"Daraja gani?"

"La magogo mawili," Hajja alisema kwa furaha. "Bibi alitangulia, mimi nimemshika nguo. Wewe unasahau vyote."

Mzee alimtazama. Hakuwa anatania tena. "Dada yangu, korongo lile lilikuwa kavu. Maji yalishuka siku chache tu za mvua za baridi. Nani angejenga daraja juu ya vumbi? Na bibi yetu alikuwa kiwete. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akishuka chemchemini."

Hajja alitazama ramani, akawatazama watu wawili wadogo juu ya magogo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Basi nani niliyemshika nguo?"

Mzee aliweka mita chini. Alimgeukia mjukuu akamweleza taratibu, kama mtu anayetaka kueleweka, si kuumiza. "Sikiliza, binti yangu. Kuruka nyumba ni kosa. Lakini kuongeza kitu ambacho hakikuwepo ni kosa kubwa zaidi. Kesho atakuja mtu atazame ramani hii, aone daraja juu ya korongo kavu, aseme: mnaona? Wanabuni. Na kama daraja wamelibuni, basi na nyumba wamezibuni. Siwezi kusema ramani hii ni kweli." Akaanza kuondoa mikasi kwenye pembe.

Hajja alikuwa amevuta mtandio ukamfunika macho.

Nimewahi kuulizwa kama niliogopa. Niliogopa. Lakini swali lake, nani niliyemshika nguo, lilikuwa na jibu, na aliyelijua jibu katika duka lile ni mimi peke yangu.

"Hajji," nilisema, "daraja ni langu."

Wote waligeuka. Niliwaeleza kama nilivyoweza: mtoni kwetu, magogo na waya, leso ya bibi yangu, chai za asubuhi. Nikaeleza na lile lililoniwia gumu zaidi, kwamba Hajja alilichukua mara moja tu, na mara nyingine zote nilimpa mimi kwa mdomo wangu kila alipokwama. Mjukuu alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi siku zote. Hajja hakuondoa mtandio.

Mzee alinikazia macho. "Nani amekufundisha kusema hivi? Unasema kama mama yangu."

"Dada yako, Hajji."

"Yalla, kipande."

"Nini?"

"Kijiji. Bila daraja. Tusikie umetuletea vitu gani vingine kutoka Kenya."

Nikapanda, nimesimama katikati ya marobota, mikono nimeifunga mbele kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Chemchemi. Korongo kavu. Mforsadi, na hapo nilisema "upande ambao hamjakubaliana," naye akaguna. Nyumba ya mkunga, ngazi tatu.

"Mbili," alisema mzee.

"Tatu," ilisema sauti chini ya mtandio. "Moja ilikuwa imevunjika."

Mzee alifikiri. "Tatu," alikubali. "Endelea."

Niliendelea. Tanuri la wanawake, ambapo kila mmoja alitia alama kwenye mkate wake kwa kidole ili usichanganyike. Mlango wa buluu wa mfuma mikeka. Kinu cha zeituni na nyumbu aliyefungwa kitambaa machoni. Kila nilipotaja kitu, mzee alikigusa kwenye ramani kwa mita. Nilipofika kwenye ngazi ya bibi yao nilinyamaza, maana Bismillahi haikuwa yangu kuisema.

"Kingine chote ni chetu," alisema mzee. "Futa daraja, nami nitasema ni kweli."

Mjukuu alilifuta hapohapo. Karatasi ilichubuka kidogo mahali waliposimama wale watu wawili.

Sikufukuzwa. Jioni ile mjukuu alinieleza kwamba amekasirika, na kwamba atakasirika kwa siku kadhaa, kisha akaniuliza kama nimekula. Lakini Hajja hakuniita yamma siku hiyo, wala kwenye ndege, wala tuliporudi nyumbani. Aliniita "wewe". Alipokea dawa mkononi mwangu bila kunitazama.

Ijumaa ilipofika hakupanda. Mwanawe alimwomba, mjukuu akamwanzishia, "Chemchemi, bibi." Alitikisa kichwa. "Pakueni," alisema. "Sijui tena kipi ni changu." Tukala, na ulikuwa mlo wa haraka kuliko yote niliyoiona katika nyumba ile. Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Ramani ilibaki ndani ya bomba lake nyuma ya mlango. Mjukuu alisema hataipeleka kwa mtu yeyote mpaka bibi akipande kijiji tena, hata mara moja, kwa hiari yake.

Siku hizo nilimfikiria sana msichana mmoja niliyemfundisha zamani. Alikuwa akisoma kitabu cha kwanza chote bila kosa, wazazi wakimsifu, mpaka siku niliyopita nyuma yake nikaona amekishika kichwa chini miguu juu. Hakuwa anajua herufi hata moja. Kila alipokwama nilimpa neno, naye alikuwa amejifunza sauti yangu badala ya kitabu. Nilikuwa nimemsaidia mpaka nikamzuia. Kilichomsaidia baadaye ni kuachwa. Nilikaa naye, nikaweka kidole chini ya neno, nikafunga mdomo. Kwa mwalimu hakuna kazi ngumu kama hiyo. Unaona neno liko pale, unalo ulimini, na unalimeza.

Asubuhi moja, katikati ya juma, nilimpikia Hajja chai ya marimia. Sikusema kitu. Alikunywa nusu kikombe. Kwa kawaida hapo ndipo angeniambia nimpandishe kwetu, lakini alitazama dirishani kwenye paa za Sulimaniyah na matangi ya maji.

"Chemchemi," alisema.

Nilishika ukingo wa meza.

Alifumba macho. Midomo ilikwenda bila sauti. Nilimwona akifika palepale, mahali daraja lilipofutwa, akisimama. Nilijua angalau maneno mawili ambayo ningeweza kumpa. Ningesema "korongo," neno la kweli kabisa, lisilo na kosa lolote. Niliyatazama majani yaliyozama ndani ya kikombe changu. Chai ikapoa. Adhana ya adhuhuri ikaanza katika msikiti wa karibu, ikapokewa na wa mbali, zote zikaisha, naye bado amefumba macho, na mimi nimeshika meza.

"Mawe," alisema.

Nilikaa kimya.

"Mawe matatu. Meupe. Mvua ikinyesha maji yanashuka korongoni, na mama anafulia sufu pale. Ananiita nivuke nimletee sabuni. La kati linacheza." Alinyanyua mguu mmoja juu ya mto, akaushusha kwa tahadhari. "Ukilikanyaga vibaya unaloa mpaka hapa." Akagusa goti.

Alifumbua macho akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu Jeddah. Alikuwa na hofu usoni. "Hayo ni ya kwenu?"

"Hapana, Hajja. Kwetu ni magogo."

"Hamna mawe?"

"Yapo, lakini hayavukiwi. Na mama yangu hakuwahi kufua sufu. Hatuna kondoo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alinitazama usoni kwa muda, jinsi anavyotazamwa mtu aliyekwisha kukosea mara moja. "Basi ni yangu," alisema.

Mjukuu aliporudi alimpigia simu mzee wa Jeddah, akaiweka kwa sauti ya wote.

"Mawe gani?" sauti ilisema, nyuma yake kelele za Balad. "Sijui habari za mawe. Kufua ilikuwa kazi yenu wanawake. Mimi nilipita juu, njia ya mbuzi."

"Kwa hiyo niandike nini?" mjukuu aliuliza.

"Andika dada yangu anasema yalikuwepo. Mwaka ule wa mvua kubwa mama alirudi na nguo zimeloa, baba akamcheka. Andika hivyo tu."

Mjukuu akaifungua ramani sakafuni. Pale karatasi ilipochubuka alichora duara tatu ndogo kwa penseli, mstari wake ukiwa mwepesi kuliko mistari mingine, na pembeni akaandika ni nani aliyeyakumbuka. Kisha akanionyesha kwanza, kabla ya mtu mwingine, akauliza kama kuna chochote cha Taita. Nilitazama kwa makini. Hakikuwepo.

Ijumaa ile wali ulikuwa tayari na mlukhia unachemka. Hajja alifumba macho bila kuombwa. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mahali pangu pa siku zote, midomo nimeikaza. Alisema chemchemi. Akanyamaza, na mwanawe akaanza kulitazama zulia. Kisha nikaona mkono wa Hajja ukishika pindo la gauni lake na kulipandisha kidogo juu ya vifundo vya miguu. Mkono wa pili ukanyooshwa nyuma, ukipapasa hewani, mpaka ukaupata wangu.

"Taratibu, yamma," alisema. "Hili la kati linacheza."